Jinsi ya Kupoteza Wiki Tatu kwa Nyaya Tatu

Asubuhi moja Mama wa mpiodi, muuza samaki, aliinama mbele ya laptopu yake, akasoma namba iliyokuwa kwenye kioo, kisha akanitazama. Namba ilisema friza yake ina nyuzi 127 chini ya sifuri. Nikaona nimpe elimu kidogo. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa juu ya ardhi, nikamwambia, ilipimwa katika kituo cha Warusi cha Vostok, Antaktika, mwezi wa Julai 1983, nayo haikufika hata nyuzi 90.

"Kwa hiyo, Papa fundi," akasema, "samaki wangu wamewapita Warusi."

Akaenda kufungua friza. Kifuniko kiliponyanyuka tu, namba ikaruka: 85, tena juu ya sifuri. Mama alisogeza pua akanusa, kuona kama wameshaiva.

Hali hiyo mtu haifikii kwa bahati. Mimi ilinichukua wiki tatu, na kwa kuwa naona vijana wengi hapa Kisangani wananunua bodi na nyaya wakitaka kufika nilipofika, nimeamua kuwaachia mwongozo. Mwenye haraka asiufuate. Mwenye akiba ya usingizi, twende.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Kuna bodi ndogo ya Arduino, ile ya kuigwa, inayofanana kwa kila kitu na ile iliyobuniwa Italia mwaka 2005, isipokuwa bei. Kuna kipimajoto cha aina ya DS18B20, kijibomba cha chuma chenye waya, kilichofukiwa katikati ya samaki. Halafu kuna laptopu ya zamani na programu niliyoiandika kwa Python. Bodi inapima na kusema, laptopu inasikia na kuandika kwenye jedwali. Mama anataka kujua friza ililalaje usiku, maana mpiodi hufika huku wakiwa wamegandishwa, na wakishayeyuka hawarudi walikotoka.

Anza na kebo. Nenda sokoni ukachague kebo ya USB kwa rangi. Mimi nilichukua ya zambarau, yenye kung'aa. Kebo kamili ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani, mbili za kupitisha umeme na mbili za kupitisha maneno. Watengenezaji wa kebo za kuchajia waligundua zamani kwamba simu ikiwa na njaa haina haja ya mazungumzo, wakaacha kuweka zile mbili za maneno. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiichomeka, taa ya bodi itawaka, na taa hiyo ndiyo itakayokumaliza, kwa sababu mtu akiona taa inawaka huamini kila kitu kipo. Utabadilisha programu, utabadilisha laptopu, utamshuku hata jirani. Kebo hutaigusa, kwa sababu taa inawaka. Siku nne zangu zilikwenda hapo.

Ukishapata kebo yenye nyaya zote, shukuru Mungu, kisha ukutane na chipu. Kompyuta za leo hazina tena ule mlango wa zamani wa pini tisa, kwa hiyo kwenye bodi huwekwa chipu ya mkalimani kati ya USB na lugha ya bodi. Bodi za bei nafuu nyingi huwekewa CH340, ya Kichina. Ni chipu nzuri, ila Windows ya zamani haiijui mpaka uiletee draiva, ambayo utaipakua kwa mega zako za mwisho, kutoka ukurasa ambao ukiubonyeza mahali pasipo sahihi unakuletea mchezo wa karata. Ukiona taabu, kumbuka kuna waliopata taabu zaidi. Mwezi wa Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, ambayo chipu zake zilikuwa zimeigwa na kila mwenye kiwanda, ilitoa draiva iliyopita kwenye masasisho ya Windows na kuzifuta zile za bandia namba ya utambulisho, ikaiweka sifuri. Vifaa vya watu vikapotea machoni pa kompyuta zao usiku mmoja, na wenyewe hawakujua kama walichonunua ni bandia. Kelele zilipokuwa nyingi draiva ikaondolewa. Mimi nilimhurumia mwenye chipu halisi aliyeibiwa, na nilimhurumia zaidi aliyenunua bila kujua, kwa sababu sokoni kwetu huyo wa pili ndiye mimi.

Unaweza kusema, basi badala ya Windows nitatumia Ubuntu, yenye jina la utu. Vizuri sana. Toleo la 22.04 lilikuja na programu ya kuwasaidia vipofu kusoma kwa vidole, inayoitwa brltty. Programu hiyo ikiona CH340 hudhani ni kifaa cha kipofu na kuikumbatia kwa huruma, usiiguse tena wewe. Unachomeka, poti inatokea, na kabla hujavuta pumzi imetoweka. Ukiiondoa programu hiyo, mfumo utakukatalia tena kwa sababu humo kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa poti. Kundi linaitwa dialout, jina lililosalia tangu enzi za modemu za simu. Jiunge nalo kwa amri moja, kisha usitoke kwenye akaunti yako na kuingia upya kama inavyotakiwa. Kaa papo hapo ukasirike. Inafaa zaidi.

Hapo kwenye poti niseme jambo. Mlango wa laptopu unaopitisha maneno haya sisi tunauita poti, kama Wafaransa, na gati la mtoni nalo ni poti. Kijana wa chuo aliyekuwa akijifunza kazi kwangu alifungua kile kidirisha cha Arduino cha kuangalia maneno yanayoingia, akaridhika, akakiacha wazi, kisha akawasha programu yangu ya Python. Programu ikakataliwa. Poti moja huchukuliwa na programu moja tu, kama toleka anayebeba abiria mmoja nyuma ya baiskeli. Wa pili angoje wa kwanza ashuke. Kijana akapaza sauti toka nyuma ya duka: "Papa, poti imefungwa!"

Mama alikuwa nje anahesabu pesa. Akaacha kuhesabu.

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe, Mama. Nilisahau."

Ilibidi nitoke nimweleze kwamba boti za Kinshasa zitafika kama kawaida, hizo kilomita 1,700 na zaidi, na kwamba hakuna aliyefunga mto. Alinisikiliza hadi mwisho. Nadhani tangu siku ile alianza kumwangalia yule kijana kwa heshima zaidi.

Sasa tuje kwenye kosa ninalolipenda kuliko yote, maana lina ujanja. Wewe umeandika programu inayofungua poti na papo hapo kutuma neno "SOMA", bodi ipime na kujibu. Bodi haijibu. Ukiandika "SOMA" kwa mkono kwenye kidirisha, inajibu. Ukirudi kwenye programu, kimya. Utaapa kwamba Python ina chuki nawe. Kumbe bodi nyingi za Arduino zimeundwa hivi: kompyuta ikifungua poti, bodi inajizima na kuwaka upya, na kwa sekunde moja au mbili inangoja kuona kama unataka kuiwekea programu mpya. Neno lako lilifika wakati inajinyoosha kitandani. Lilipotea, na hakuna aliyesema pole.

Na hili, nduguzanguni, ni aibu kwetu watu wa mto huu kuliko kwa watu wengine wote duniani.

Shuka na maji kidogo kutoka hapa, unafika Yakusu, kwa Walokele. Mmisionari Mbaptisti wa Kiingereza, John Carrington, alifika huku mwaka 1938, akajifunza lokole, ile ngoma ya gogo lililochongwa tundu na yenye midomo miwili, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema. Wazungu kabla yake wengi walidhani ni ishara chache tu: vita, msiba, njoo. Carrington akaeleza kwamba ngoma inasema lugha. Kilokele ni lugha ya toni, neno hupanda na kushuka, na ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Ngoma huchukua kupanda na kushuka huko na kuacha herufi zote nyumbani. Sauti mbili, waya mmoja wa hewa, pigo moja baada ya jingine. Mtu akiniambia kwamba mawasiliano ya biti moja moja yaliletwa huku na kompyuta, namwonyesha upande wa Yakusu.

Tatizo linajitokeza hapo hapo. Ukishaacha herufi, maneno mengi yanafanana. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, kwa ngoma ni mapigo yale yale. Mpiga ngoma afanyeje? Hasemi mwezi tu. Anasema mwezi unaoitazama dunia chini. Hasemi kuku tu, anasema kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Kwa wastani, neno moja la mdomo linahitaji kama maneno manane ya ngoma. Anayesikiliza toka mbali, akikosa mapigo mawili kwa sababu ya upepo au mbwa, bado anayo mengine ya kumwongoza. Na kabla ya yote hayo mpigaji hakurupuki na habari yake. Hupiga kwanza mapigo ya kuamsha masikio, akataja jina la anayeitwa, nalo ni refu, ndipo habari ifuate. Mtu aliyekuwa amelala anapata muda wa kukaa kitako.

Mimi, niliyezaliwa nasikia habari za ngoma hizo, nilituma "SOMA" mara moja, herufi nne tupu, kwa bodi iliyokuwa inaamka. Na bodi nayo nikaifundisha kujibu "-18.50" bila jina, bila salamu, bila mwisho. Herufi moja ikidondoka njiani, inafika "-1.50", laptopu inaandika, na Mama anaambiwa samaki wanayeyuka. Wazee wa Yakusu wangenivua gogo mkononi.

Ila tusiende haraka, bado hatujafika kwenye nyaya tatu.

Friza ya Mama iko nyuma kabisa ya duka, laptopu iko mbele kwenye meza ya hesabu, na kati yao ni mita nane. Kebo ya USB ya kawaida isizidi mita tano. Kwa hiyo bodi ikabaki nyuma, ikilishwa na chaja ya simu, na mbele nikaweka kibadilishi kidogo cha USB. Kati yao nikatandaza nyaya tatu. Mguu ulioandikwa TX ni mdomo, ulioandikwa RX ni sikio, na wa tatu ni ule waya wa pamoja ambao mafundi wetu wanauita masi.

Mtu asiye na uzoefu, mwenye roho safi, ataunganisha TX na TX, RX na RX, kwa sababu vitu vyenye jina moja vinapendana. Fanya hivyo. Utakuwa na midomo miwili inayosemeshana bila masikio, na huku masikio mawili yamekaa yanasikilizana. Fundi mwenzangu mmoja alikaa siku mbili hivyo akisema mfumo uko kimya kwa sababu ya unyevu.

Ukishavuka nyaya, usiunganishe masi. Utasema, kuna haja gani, maneno yanapita kwenye nyaya mbili, wa tatu ni wa nini? Ngoja nikuulize. Mtu wa Ubundu, juu ya mto, anakupigia simu: "Maji hapa ni mita tatu." Wewe uko Kisangani, unatazama kipimo chako, nacho kinasema mita tatu. Je, maji yako sawa? Kati yenu kuna maporomoko saba ya Boyoma, mto unashuka kama mita 60, ndiyo sababu mwaka 1906 wakamaliza reli ya kilomita 125 ya kuyazunguka. Mita tatu zake na mita tatu zako hazijuani, kila moja imeanzia chini kwake. Bodi inaposema "juu" maana yake ni volti tano kutoka chini kwake. Laptopu isipoijua hiyo chini, haina cha kusikia. Mara nyingine itasikia nusu, tena vizuri, hasa ukiweka mkono juu ya waya, na hapo ndipo utaanza kuamini uchawi.

Kuhusu volti zenyewe nitapita mbio. Kuna bodi zinazosema kwa volti 5 na nyingine kwa 3.3, na ukiipigia kelele ya 5 ile ya 3.3 siku moja haitaamka. Vipinzani viwili vya kugawa volti vinatosha, tena ni vya bei ya maandazi. Na mashine za zamani zenye pini tisa zinatumia volti za juu zaidi, mara chanya mara hasi. Hizo usizichomeke kabisa moja kwa moja kwenye bodi, hata mwongozo huu una mipaka.

Mwendo, hapo ndipo tulipoteza wiki nzima. Chukua herufi K, ya Kisangani. Kwa kompyuta ni namba 75. Waya ukiwa umenyamaza hukaa juu. Anayesema K hushuka chini pigo moja kumwamsha msikilizaji, kisha hutuma 1, 1, 0, 1, 0, 0, 1, 0, akianzia biti ndogo, kisha hurudi juu kuonyesha amemaliza. Mapigo kumi kwa herufi moja. Kwa mwendo wa 9600 sekunde moja inapitisha herufi 960. Mwendo huo unapimwa kwa baudi, kwa heshima ya Émile Baudot, Mfaransa wa telegrafu aliyekufa mwaka 1903 bila kuiona Arduino, bahati yake.

Ona sasa kisichokuwepo: hakuna waya wa nne unaohesabu mapigo. Kila upande una saa yake mwenyewe, na wamekubaliana kwa mdomo tu. Bodi ikisema kwa 9600 na laptopu ikasikiliza kwa 115200, laptopu inasikiliza haraka mara 12. Pigo moja la bodi, laptopu inalichukua kama mapigo kumi na mawili, yaani kabla bodi haijamaliza biti moja laptopu imeshajiandikia herufi nzima na inataka nyingine. Kwenye kioo vinatokea viboksi, alama za swali zilizolala kifudifudi, na ÿ, y yenye nukta mbili, herufi ambayo sikumbuki kuiona kwenye barua ya mtu yeyote. Ni kama mgeni wa Dodoma aliyefunzwa Kiswahili taratibu, akishushwa hapa mjini Makiso jioni kati ya watu wanaochanganya Lingala, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja. Anasikia sauti zote. Anaandika ÿ.

Dawa yake inajulikana: namba moja pande zote mbili. Sasa sikiliza jinsi ya kuikosa. Nilipoona viboksi nikajua ni mwendo. Bodi ilikuwa kwenye 9600, programu kwenye 115200. Nikaenda nyuma kwenye friza na laptopu ya pili, nikaiweka bodi kwenye 115200. Yule kijana naye, mtoto mwenye akili, aliona viboksi vile vile mbele, akaishusha programu hadi 9600. Nikarudi. Viboksi. Nikamwambia, "Basi si mwendo." Akaniunga mkono: "Si mwendo, Papa, nami nimejaribu." Tukapishana kama mitumbwi miwili ya kuvukia Lubunga, kila mmoja akienda kumpokea mwenzake ng'ambo. Tuliamua ni waya. Tukanunua waya mpya. Siku ya tatu Mama, aliyekuwa anatusikiliza, aliuliza, "Wote wawili mmeandika namba gani?" Sikupenda sauti yake.

Humo humo nilipokuwa nikirudia kuiandikia bodi programu, nilisahau kuchomoa nyaya zangu kwenye miguu 0 na 1. Ndiyo miguu ile ile inayopokea programu mpya. Watu wawili wakisemea sikio moja, programu ya kuandikia hulalamika kwamba bodi haiko sawa na mpangilio, mara kumi mfululizo, kisha inakata tamaa. Chomoa, andika, rudisha. Inachukua nusu dakika, na mimi niliyajua hayo tangu zamani, na niliyasahau mara nne.

Kama unataka kuharibu mwongozo huu wote kwa dakika mbili, kuna jaribio moja. Vua bodi pembeni. Chukua kibadilishi cha USB peke yake, unganisha TX yake na RX yake kwa kiwaya kimoja, ufungue kidirisha, uandike jina lako. Likirudi, basi kebo, chipu, draiva, ruhusa na poti vyote ni vizima, na makosa yako mbele ya hapo. Lisiporudi, usiende kwenye friza. Nilifundishwa jaribio hili miaka mingi iliyopita. Nililikumbuka wiki ya tatu.

Siku maneno yalipoanza kupita safi, tulipiga makofi. Mistari ikawa inashuka: -18.50, -18.44, -18.50. Tukaifungua kwenye jedwali, tukaomba wastani wa usiku. Jedwali likakataa. Laptopu ya Mama inazungumza Kifaransa, na Mfaransa hutenganisha sehemu za namba kwa mkato. Bodi inaweka nukta kama Mwingereza. Jedwali liliona nukta, likaona hayo si mahesabu bali maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Kwenye programu nako palikuwa na vidudu viwili visivyoonekana ambavyo bodi hutia kila mwisho wa mstari, kimoja cha kurudi mwanzo na kimoja cha kushuka chini, urithi wa mashine za kupiga chapa. Programu ililinganisha "SAWA" yenye vidudu na "SAWA" isiyo navyo, ikasema hazifanani. Ilikuwa na haki. Vipanguse vile kwanza, badilisha nukta, ndipo uhesabu.

Kisha asubuhi ikaja ile ya nyuzi 127.

Mimi, kwa uzoefu wangu wote, nikasema ni waya za mawasiliano tena. Mwendo, masi, herufi imedondoka. Nikaongeza salamu na jina kama wazee wa Yakusu: kila mstari uanze na FRIZA, ufuate joto, kisha jumla ya kuhakiki, kisha MWISHO. Mstari wowote ulioharibika laptopu iutupe. Nikasubiri. Mistari ikafika mizima, jumla zinalingana, kila mmoja na jina lake, kila mmoja na MWISHO wake, na kila mmoja unasema -127.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikasoma. Maktaba ya kile kipimajoto ikiita na isipate jibu, haisemi "sijui". Inarudisha -127. Na kipimajoto chenyewe kikiwa kimeamka sasa hivi, hakijapima bado, hutaja 85, ndivyo kilivyozaliwa. Mawasiliano yangu yalikuwa mazima. Yalikuwa yananiletea, herufi kwa herufi, bila kukosea hata biti moja, habari kwamba kipimajoto kimekatika.

Nikaenda kwenye friza. Waya wa kipimajoto unaingia kwa juu, kwenye ukingo, chini ya mpira wa kifuniko. Nikaupapasa. Mahali kifuniko kinapobana, ganda lilikuwa limepasuka, unyevu wa huku umeingia, na ndani shaba imegeuka kijani. Kifuniko kikifungwa, waya unabanwa, unaachana: -127. Kikifunguliwa, unagusana, kipimajoto kinaamka: 85. Kila nilipokwenda kukagua nilifungua friza, na kila nilipoifungua ilikuwa imepona.

Nilitoboa tundu pembeni, chini ya ukingo, baada ya kuhakikisha hapapiti mabomba ya gesi, nikapitisha waya mpya, nikaziba kwa gundi. Namba zikatulia. Yule kijana akaandika kwa rangi ya kijani kwenye kioo: SALAMA. Mama akaleta kiti, akakaa mbele ya laptopu kama anayetazama mpira.

"Sasa, Papa fundi, umeme ukikatika usiku, hii itaniambia?"

"Itakuambia, Mama. Joto likipanda tu, itapiga kengele."

Siku ya pili saa mbili usiku umeme ulikatika. Friza ikanyamaza. Bodi, iliyokuwa kwenye chaja, ikanyamaza. Laptopu, ambayo betri yake ilikufa kabla sijakutana nayo, ikazimika katikati ya neno. Tulikaa gizani, watatu, mpaka Mama akawasha tochi ya simu, akainua kifuniko kidogo, akabonyeza samaki mmoja kwa kidole gumba.

"Nimeielewa mashine yako," akasema. "Ikizimika hiyo, najua na yangu imezimika."